Fungu la Anjelo

1

Bili ya Julai ilisomwa nikiwa nachambua maharage. Mizani, mashine ya kupima joto la mtaa, huisoma yenyewe, kwa sauti ya kike iliyolainishwa mpaka haina umri, kutoka kwenye kisanduku kilicho juu ya mlango wa jikoni. Ilisema mtaa wetu wa nyumba kumi umetumia joto kupita mafungu yake, tena kupita sana, na kwamba kuanzia saa ile kila nyumba itapewa nusu tu mpaka balozi ataje moja ya kufungiwa. Mwisho wa kutaja ni Ijumaa. Isipotajwa hata moja, zote kumi zinafungwa.

Balozi ni mimi. Nilitoa jiwe kwenye maharage, nikaliweka pembeni, nikaendelea.

Najua nilipaswa kushtuka, kwa sababu nyumba ya pili nilisikia mtu anatukana na nyumba ya tatu mlango ukabamizwa. Bili ile ile ilikuwa inasomwa kote kwa wakati mmoja. Mimi moyo haukuruka. Siku hizo ulikuwa hauruki kwa lolote, nilikuwa na ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa vibaya, na nilishazoea.

Wageni wanaokuja Makete huuliza kwa nini Shirika la Joto halichagui lenyewe nyumba ya kufunga. Zamani lilikuwa linachagua. Watu wakafa kwa baridi, likashtakiwa, na baada ya kesi likatangaza kwamba ni utu zaidi kumwachia uamuzi mtu anayewajua majirani zake. Mimi naita ujanja. Anayewajua majirani ndiye asiyeweza kuwataja, na akishindwa, lawama inabaki mtaani, haipandi ghorofani kwao.

Joto lenyewe linatoka chini ya miguu yetu. Kila nyumba imejengewa shimo kubwa lililojaa mchanga mkavu, tunaliita chungu. Upepo wa Kitulo unazungusha minara, minara inachoma mchanga, na mchanga ukishashika moto unakaa nao siku nyingi. Mabomba ya maji yanapita humo ndani, yanapasha sakafu, yanapasha maji ya kuoga, na yanaunganisha vyungu vyote kumi ili mwenye upungufu avute kwa jirani. Tangu misitu ifungwe na mkaa upigwe marufuku, hakuna moto mwingine.

Kila mtu aliyeandikishwa ana fungu lake la joto, na mtu aliyeandikishwa huitwa kichwa. Mizani haituoni. Wazee wetu walikataa kuchunguliwa mpaka vitandani, na katika hilo peke yake walishinda. Kwa hiyo Mizani inajua mambo mawili tu: vichwa na mazoea. Ukioga saa kumi na mbili asubuhi kwa mwezi mzima, mwezi unaofuata maji yatakungoja saa kumi na mbili bila kuambiwa.

Saa kumi na moja jioni ile kisanduku kikasema, "Anjelo, maji yako yako tayari."

Beseni la bafuni likaanza kujaa. Anjelo ni mume wangu. Alikuwa fundi wa minara, na mwaka juzi alianguka kutoka kwenye mnara mmojawapo, tukamzika nyuma ya kanisa. Kufunga kichwa cha marehemu ni kazi ya balozi. Nimefunga vya wazee wa watu, nimefunga cha binti wa nyumba ya nane, nikirudi nyumbani nakula vizuri. Cha Anjelo sikukifunga. Hapakuwa na uamuzi wowote, sikukifunga tu, na nyumba ikaendelea kumpashia maji ya kutokea kazini. Yanajaa, yanapoa, yanakwenda zake.

Ukiniuliza nilikuwa nawaza nini nikisikiliza maji yale, nitakwambia kweli: sikuwa nawaza kitu. Nilikuwa nayasikiliza mpaka yaishe.

2

Kesho yake alikuja Mzee Obeid Tweve wa nyumba ya kwanza, amejifunga blanketi juu ya koti. Obeid na Anjelo ni watoto wa ndugu, kwa hiyo ananiita shemeji, na kwa haki hiyo huingia bila kubisha. Magoti yake hayapatani na baridi. Alikaa, akayanyoosha taratibu, akayatazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Nusu joto, shemeji," alisema. "Leo nimeamka mguu mmoja umekataa kabisa. Nimeubembeleza kama mtoto."

"Pole."

"Nishapoa, ndiyo shida yenyewe." Akasubiri nicheke. Nilipotoa chai badala ya kicheko, akashusha sauti. "Mimi sisemi kitu. Sitaji mtu. Nasema tu kwamba ule mvuke unaotoka dirishani asubuhi na jioni hautoki kwangu."

"Ninajua unakotoka."

"Tunajua wote. Kule pwani wana mambo yao na maji ya moto, sawa, lakini kule pwani wana jua. Hapa Makete maji ya moto ni fungu la mwenzako." Alikunywa. "Yule msichana wa nyumba ya sita sina ugomvi naye. Lakini atajwe nani, shemeji? Wengine wote tunakula cha kwetu."

Wengine wote. Nilitazama mlango wa bafuni, naye akautazama. Alikuwa anajua. Siku moja jioni alikuwa ameketi palepale kisanduku kilipomwita Anjelo, akajifanya anatafuta fimbo yake. Kwa hesabu Anjelo hakuwa anamdhulumu mtu, fungu lake lilimtosha na hakupitisha. Marehemu alikuwa mlipaji mzuri kuliko walio hai.

"Ijumaa si mbali," Obeid alisema.

"Nitakwenda kuwaona leo."

3

Nyumba ya sita inapakana na yangu. Nilipofunguliwa, joto lilinipiga usoni na harufu ya mvuke, mdalasini na maziwa ya mama. Aliyefungua ni Bi Mwanakombo, mwanamke mnene mwenye mvi, mzaliwa wa Pangani, ambaye mwanawe Salehe alimwoa Vumilia wetu hapa. Salehe yuko kwenye minara ya Singida mpaka mvua, na fungu lake amelihamishia huko. Mama mtu alipanda milima yote hii mwezi uliopita kuja kumlea mzazi, na tangu siku hiyo hajavua soksi.

"Karibu, mwanangu. Ingia upesi, funga, baridi yenu hii haina adabu."

Sufuria kubwa ilikuwa sakafuni, maji yanafuka. Vumilia alikuwa amelala juu ya mkeka, tumbo wazi, amefumba macho. Bi Mwanakombo alirudi kupiga magoti, akachovya taulo, akalikamua kwa mikono ambayo haisikii moto tena, akamkandamiza nalo kiunoni. Vumilia akavuta pumzi kwa meno.

"Shikamoo, mama balozi," alisema akiwa bado amefumba macho.

"Marahaba. Pole na uzazi."

"Ananichemsha kama viazi."

"Kelele," alisema bibi. "Asiyekandwa tumbo halirudi, mgongo unamdai mpaka uzeeni. Asubuhi na jioni, siku arobaini. Mimi nilikandwa, mama yangu alikandwa. Mtazame."

Sikujua nimtazame nani. Ndipo nikaona kwamba blanketi lililokuwa kifuani kwa Vumilia halikuwa blanketi tu. Kichwa kidogo chenye kofia ya sufi kilikuwa kimelala katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, na mkono uliotokeza ulikuwa mwembamba kama kidole changu. Njiti. Alizaliwa kabla ya miezi yake.

"Hospitali wametupa ruhusa," Vumilia alisema. "Wamesema akae kifuani, asitolewe, na chumba kisipoe hata saa moja. Leo asubuhi kilipoa, mama. Nusu joto ile. Miguu yake ikawa ya bluu."

"Sasa je?"

"Imerudi. Nimeipulizia mpaka nikaona kizunguzungu."

Nilikaa kwenye kigoda. Nikasema nilichokuja kusema, kwa sauti ile ile ninayotumia kusomea matangazo: kwamba nyumba yao imepitisha kwa sababu ina kichwa kimoja kilichoandikishwa na bibi mgeni mwenye nusu fungu, na kwamba wakimwandikisha mtoto leo, fungu lake linaanza leo. Mtoto njiti hupewa fungu na nusu. Mambo yote yangekwisha kabla ya chakula cha mchana.

"Mizani inataka jina," alisema Vumilia.

"Jina tu."

Akafumbua macho kwa mara ya kwanza. "Wa kwanza nilimpa jina palepale hospitali, kitovu hakijadondoka. Alikaa wiki. Wa pili nikampa jina la bibi yangu, nikalitaja kwenye kisanduku hiki hiki ili apate fungu. Uliniandikia wewe."

Nilikumbuka. Nilimwandikisha mtoto yule, na baadaye nilimfunga.

"Huyu hatajwi mpaka arobaini," alisema.

"Tumpe jina la uongo basi. La muda."

Bi Mwanakombo aliacha kukamua taulo. "Jina la uongo linaitikiwa vilevile, mwanangu. Mauti hayaulizi cheti. Yanasikia mtu ameitwa, yanageuka kuangalia." Alisema bila ukali, kama anayenieleza chumvi inawekwa lini. "Nyie na mashine yenu mnaona ushamba. Mimi nimezika wajukuu wawili. Nitafanya ushamba wowote ulioko duniani."

Mimi siamini mambo hayo. Lakini nilimtazama Vumilia na nikaona kwamba haikuwa na maana mimi naamini nini. Ningeweza kumwandikisha kwa nguvu, balozi anaruhusiwa. Halafu kama angekufa, na njiti hufa hata katika chumba cha joto, yule mama angeishi miaka yote akijua nani alilitaja jina. Nisipomwandikisha, nyumba yao ndiyo iliyopitisha na mtaa wote unanitazama niitaje.

Bibi alinimiminia uji wa pilipili manga. Niliunywa wote. Ulikuwa unachoma, niliona kwa machozi yaliyonitoka kwamba unachoma.

4

Alhamisi nilifungua daftari la mtaa ukutani. Balozi ana amri tatu tu: kuandikisha, kuhamisha na kufunga. Watu wanadhani tuna mamlaka makubwa, na ni hayo.

Nilipiga hesabu nimesimama. Kufunga kichwa cha Anjelo kusingemsaidia mtoto, fungu lake lingerudi Shirikani na mtaa ungebaki na upungufu ule ule. Kutaja nyumba ya sita ni kumuua mtoto kwa sauti ya utaratibu. Kutaja yangu kungefungua nusu iliyozuiwa, lakini mwezi ujao sita ingepitisha tena, na ningekuwa nimebaki kutaja za wenzangu. Ilibaki amri ya katikati. Mtu aliye hai anaweza kuhama nyumba na fungu lake, na kwa Mizani Anjelo alikuwa hai, tena mwenye fungu nene la fundi wa minara, ambalo Shirika liliwapa mafundi enzi zile ili wasigome.

Kwa upande mwingine ulikuwepo huu ukweli, na sitaki kuupaka rangi. Kumhamisha marehemu ni wizi. Kuacha kichwa wazi unaweza kusema umesahau, umefiwa, watakuhurumia. Kukiinua na kukipeleka nyumba nyingine ni kitu ambacho mkono umefanya. Kikigundulika, mtaa mzima unafungiwa msimu, nyumba zote kumi, katika baridi hii. Magoti ya Obeid. Mapacha wa nyumba ya tatu ambao hata mwaka hawajafika. Nilikuwa naweka watu wote hao mezani kwa ajili ya mmoja ambaye hana hata jina, na sikuwauliza, kwa kuwa ningewauliza wangejua, na wakijua ingebidi waseme.

Miaka yote ya ubalozi sijawahi kuandika uongo kwenye daftari lile. Ni jambo dogo, lakini lilikuwa langu.

Na kulikuwa na sheria nyingine: nyumba ya kichwa kimoja, isiyo na hata mgeni, haiwashiwi chungu. Joto la shimo zima kwa mtu mmoja ni hasara, Shirika linasema, na hapo nadhani lina haki. Anjelo akihama, nabaki mmoja. Nyumba inabaki yangu ila inapoa.

Niligusa jina lake.

"Anjelo Tweve anahama kutoka nyumba ya tano kwenda nyumba ya sita," Mizani ilisema. "Sababu ya kuhama? Kazi, ndoa, ugonjwa, mengineyo."

"Mengineyo."

"Mazoea yake yahamishwe pamoja naye?"

Hilo sikulitegemea. Nilisimama pale mkono juu ya ukuta. Ningeweza kusema hapana na mazoea yangefutika, kwangu na kwao.

"Yahamishwe."

"Nyumba ya tano ina kichwa kimoja. Chungu kinafungwa. Mtaa umerudi ndani ya mafungu yake. Nusu joto imeondolewa. Asante, balozi."

Sakafu ilianza kupoa kabla ya jua kuzama. Saa kumi na moja ilifika, kisanduku kikanyamaza. Nilikaa kitandani na koti lake la minara mabegani, nikangoja huzuni ije, kama anayengoja mgeni aliyesema atafika jioni. Haikuja. Nilisikia tu nyumba inalia mbao zake zikijikunja.

5

Asubuhi nilipokwenda nyumba ya sita, Bi Mwanakombo alinisubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Balozi. Jana jioni nyumba hii imeniita jina la mwanaume."

Niliingia, nikafunga mlango, nikawaeleza wote wawili, kwa kifupi. Vumilia alianza kulia kimyakimya, machozi yakidondokea kofia ya sufi. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanitazama juu mpaka chini.

"Kwa hiyo mume wako kahamia kwangu."

"Ndiyo."

"Na hujaniuliza kama namtaka." Alisogea akanishika mkono. Wake ulikuwa wa moto, na wangu, kwa namna alivyoushtukia, nadhani ulikuwa barafu. "Haya, mke mwenza. Namtunza. Lakini ujue mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu wako sidhani kama atalishika."

Vumilia alicheka katikati ya machozi. Mimi nilijua kwamba ni jambo la kuchekesha.

Wakaniambia nihamie kwao. Nikasema nitakuja kesho, na kila siku nikasema kesho. Nilikuwa nashinda pale tangu asubuhi, jioni narudi kulala katika baridi yangu, soksi mbili, koti, mablanketi yote. Baridi ni ya wanaoisikia. Vumilia alipokuwa akikandwa au akilala, walinifunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na kitenge juu, mwili wangu ukiwa umeshapata joto la nyumba yao. Alikuwa mwepesi mno. Nilimbeba kama ninavyobeba kazi zote, kwa uangalifu na bila neno. Nilihesabu pumzi zake kwa kuwa nesi alisema zihesabiwe.

Saa kumi na moja kila jioni kisanduku kilisema, "Anjelo, maji yako yako tayari," na beseni la nyumba ya sita likajaa. Bi Mwanakombo akajibu, "Ameshukuru," akajaza sufuria yake, akamwita mzazi. Maji ambayo yalikuwa yanapoa bure kwangu sasa yalikuwa yanakamuliwa kwenye taulo na kukandamizwa mgongoni kwa mtu aliye hai. Nilikuwa natazama. Siku moja Vumilia aliniuliza kama naumia, nikamjibu kweli kwamba sijui.

Mtoto aliongezeka. Siku moja alikataa kunyonya, na tulishinda naye kifuani kwa zamu, tukimtonesha maziwa kwa kijiko, mpaka jua lilipoinama akafungua mdomo mwenyewe. Nilisikia Bi Mwanakombo akikiambia kisanduku cha ukutani, "Anjelo, baba, hukutuangusha." Sikumsahihisha.

Obeid alinisimamisha njiani siku za mwisho za Agosti. Alikuwa anatembea vizuri.

"Joto limerudi, shemeji. Magoti yamenisamehe."

"Nashukuru."

"Sijauliza lilirudije." Alitazama paa langu ambalo umande ulikuwa umegandia juu yake, peke yake katika safu nzima. Alilitazama kwa muda. "Anjelo hajambo huko aliko?"

Nilifikiri jinsi ya kujibu. "Hajambo."

"Mwambie namsalimu," alisema, akaenda zake. Kwa hiyo na yeye sasa alikuwa ndani ya uongo wangu, mtu mzima yule ambaye hajawahi kuiba hata hindi moja. Usiku ule nilichelewa kulala, na haikuwa kwa ajili ya baridi.

6

Siku ya arobaini ilikuwa Jumamosi. Watu wa nyumba zote kumi walikuja, maana habari za mtoto zilikuwa hazifichiki tena, na walisimama uani na mvuke ukiwatoka midomoni. Vumilia alitoka amevaa vizuri, amenenepa, mgongo umenyooka kama bibi alivyoahidi. Bi Mwanakombo alimtoa mtoto juani, akamwonyesha mlima, akamwonyesha watu, akamnong'oneza jina sikioni kabla ya kutuambia sisi.

"Sikitu," alisema. "Anaitwa Sikitu. Si kitu cha kutamaniwa na yeyote. Kipite."

Watu wakaitikia, kipite. Kisha nikaenda mlangoni chini ya kisanduku kufanya kazi yangu.

"Naandikisha kichwa," nilisema. "Sikitu Salehe. Nyumba ya sita. Alizaliwa njiti."

"Karibu, Sikitu," ilisema Mizani. "Fungu na nusu. Nyumba inapoandikishiwa kichwa kipya, kila kichwa kilichopo kijithibitishe kwa sauti. Vumilia Mahenge."

"Nipo," alisema Vumilia.

"Mwanakombo Shemdoe, mgeni."

"Nipo, nipo."

"Anjelo Tweve."

Nililijua hili tangu Alhamisi ile. Sheria ya uthibitisho ninaisoma kwa watu kila mwaka. Hata hivyo nilisimama nikimngoja. Nadhani wote pale uani walikuwa wanajua. Obeid alivua kofia.

"Anjelo Tweve," ilirudia. "Thibitisha."

"Ninafunga kichwa," nilisema. "Mimi balozi."

"Sababu ya kufunga?"

Nimelisema neno hilo kwa ajili ya watu wengi. Linatoka lenyewe. Safari hii nililitafuta mdomoni.

"Amekufa."

"Tarehe ya kifo?"

Kama ningetaja ya kweli, Mizani ingejumlisha kila beseni la maji tangu mwaka juzi, na nyumba zote kumi zingefungwa kabla ya chakula cha mchana. Hilo nililifikiria, sitaki nionekane mtu wa hisia tupu. Lakini nilipofungua mdomo sikuwa nadanganya.

"Leo," nilisema.

"Pokea pole, balozi. Kichwa kimefungwa. Mazoea yamefutwa."

Nikageuka. Walikuwa wananitazama wote. Nilitaka kuuliza kama chai imetosha.

Bi Mwanakombo alimkabidhi Vumilia mtoto. Akaja mpaka nilipo, akanitazama usoni.

"Umesema leo?"

"Nimesema leo."

"Basi msiba ni wa leo." Akageukia uani. "Jamani, tumefiwa."

Hakuna aliyeshangaa. Mtu akaleta mkeka, ukatandikwa pale pale uani kwenye nyasi. Obeid akauliza nani atapika na nani atachota maji, na mimi nikaanza kujibu. Mwaka juzi nilijibu maswali hayo siku zote za matanga, nikagawa kazi, nikapokea wageni, nikasimamia mpaka sufuria ya mwisho ikaoshwa, na watu wakasema balozi ana moyo.

Mkono ulinikandamiza begani.

"Wewe kaa, mfiwa," alisema Bi Mwanakombo.

Nikakaa. Ardhi ilikuwa na baridi, ilipenya mkekani, ikapenya kitengeni, ikanipanda mgongoni mpaka meno yakaanza kugongana. Niliwaambia. Nilisema nasikia baridi, jamani, nasikia baridi sana, nikalirudia, na Vumilia akaketi karibu yangu akanifunika kwa upande wa khanga yake, na hapo ndipo nikalia.